Kukarabati nyumba iliyoungana na za jirani katika Mji wa Kale wa Mombasa

Mwongozo huu ni wa mtu aliyerithi, aliyenunua au aliyeachiwa usimamizi wa nyumba ya mawe katika Mji wa Kale: Ndia Kuu, Kibokoni, Kuze, Mkanyageni, au barabara ya Mbarak Ali Hinawy inayopita Msikiti wa Mandhry. Nyumba za huku zimejengwa bega kwa bega. Ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na mara nyingi boriti za nyumba mbili zimeingizwa kwenye ukuta mmoja kutoka pande mbili. Ukichimba kwako, vumbi ladondoka kwa jirani. Ukimwaga zege juu, uzito unamfikia yeye pia. Kazi yote nitakayoeleza inatokana na jambo hilo, na ndiyo maana hatua za mwanzo hazihitaji nyundo.

Hatua ya 1: Vuka barabara, uitazame safu nzima

Kabla hujamwita fundi, simama upande wa pili wa njia asubuhi mapema au alasiri, wakati jua linapiga ukuta kwa ubavu. Mwanga wa namna hiyo hufichua kila tumbo la ukuta, kila kiraka, na kila mahali plasta imeachana na jiwe. Saa sita mchana hutaona kitu.

Fuata kwa macho mstari wa paa, kisha mstari wa roshani na vizingiti vya madirisha ya juu, halafu pale ukuta unapokutana na baraza. Mstari ukiinama kwenye nyumba tatu kwa pamoja, chanzo mara nyingi kiko nje ya nyumba yako: bomba la maji taka linalovuja chini ya njia, au nyumba ya pembeni iliyobomolewa ikaacha wenzake bila egemeo. Ukiinama mbele ya nyumba yako peke yake, basi anza kutafuta ndani.

Hapo hapo jaribu kujua umri wa nyumba, kwa sababu ndio utakaokwambia imejengwa kwa nini. Ndia Kuu kama njia ni ya kale mno. Wareno waliokuwa Ngomeni, yaani Fort Jesus, waliiita La Raposeira. Lakini nyumba nyingi tunazoziona leo ni za karne ya 19 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza hapa Mombasa mwaka 1896, biashara ikachemka, na wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kutch wakajenga au kununua pamoja na wenyeji na Waarabu. Duka likawa chini, familia ikakaa juu, na mbele ikatokezwa roshani ya mbao. Baadaye meli kubwa zikahamia Kilindini, Bandari ya Kale ikabaki na majahazi, na fedha za kujenga upya zikaenda kwingine. Kupungukiwa huko ndiko kulikotuachia safu hizi zikiwa karibu nzima.

Ukuta mnene ulio bapa, wenye madirisha madogo na mlango mzito wa nakshi, kwa kawaida ni wa zamani zaidi. Roshani zenye mbao zilizokatwa tundu tundu, nguzo nyembamba za mapambo na madirisha ya luva ni za kizazi kilichofuata. Tazama pia juu ya mlango na kwenye kilele cha ukuta wa mbele, maana baadhi ya wenye nyumba waliandika mwaka. Piga picha safu yote, kisha nyumba yako, kisha kila ufa ukiwa na rula pembeni. Picha ziwe na tarehe. Utazihitaji siku jirani atakapouliza ufa huu ulitoka lini.

Hatua ya 2: Jua nyumba ni ya nani, kisha tafuta kibali

Wengi huanza kazi halafu binamu anatokea Jeddah au Muscat akisema hakuulizwa. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina warithi wengi, na mirathi haijagawanywa tangu kwa babu. Maliza jambo hilo kwanza, ikibidi kwa Kadhi. Kama nyumba ni wakfu, huna mamlaka ya kubomoa hata choo bila msimamizi wa wakfu kuridhia, na Tume ya Wakf ndiyo ya kwenda kuuliza. Angalia vilevile hati ya ardhi. Mombasa ina desturi yake ya mtu kumiliki nyumba bila kumiliki kiwanja, na hilo hubadilisha nani anayetia sahihi.

Halafu kibali. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inawapa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya usemi juu ya mabadiliko ya majengo haya. Kaunti nayo ina kibali chake cha ujenzi. Peleka picha za hatua ya kwanza, mchoro wa nyumba ilivyo na mchoro wa unachotaka kufanya, hata ukiwa wa mkono mradi una vipimo. Nenda mapema, kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa kitu. Watu wa hifadhi wameona kuta nyingi kuliko fundi yeyote utakayempata, na ushauri wao una thamani kupita muhuri.

Hatua ya 3: Bisha hodi pande zote mbili

Wengine huiruka hatua hii, na hapo ndipo ugomvi wa miaka huanzia. Nenda mwenyewe, usimtume fundi. Nenda saa ya watu kupumzika, baada ya alasiri, na ukae barazani uongee.

“Hodi. Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Mafundi waja wiki ijayo kuutazama ukuta wetu. Naomba niuone upande wako kwanza, tusije tukakuangushia plasta.”

Sema *wetu*, kwa sababu ni wetu kweli. Ukiruhusiwa kuingia, tazama mambo manne: boriti zake zinaingia ukutani kwa kimo gani ukilinganisha na zako, je ana unyevu mahali pale pale ulipo wako, choo na jiko lake viko wapi, na je aliwahi kupasua ukuta kutia kabati au mlango. Nyufa zake nazo zipige picha mbele yake. Mkikubaliana kuhusu gharama ya ukuta wa kati, andikeni, hata karatasi moja, na mashahidi wawili wa mtaa. Jirani mzee mara nyingi anakumbuka bomba la zamani lilipita wapi, na habari hiyo hutaipata kwenye ramani yoyote.

Hatua ya 4: Zuia maji kabla ya kugusa ukuta

Hakuna ukarabati wa ukuta utakaodumu huku maji yakiendelea kuingia. Panda juu. Mapaa mengi sasa ni ya mabati, na mabati ya nyumba mbili hukutana juu ya ukuta wa pamoja kwenye mfereji mmoja. Mfereji huo ukiziba majani na kinyesi cha kunguru, maji ya masika yanashuka ndani ya ukuta kutoka kichwani, na ukuta wa mawe na udongo ukilowa kutoka juu hufumuka kwa ndani kabla nje hapajaonyesha kitu. Safisha, ziba kutu, upe mteremko, na gata zimwage maji njiani mbali na baraza.

Kisha fuatilia mabomba ya choo yaliyopachikwa nje ya kuta miaka ya karibuni. Kiungo kimoja kinachovuja taratibu hufanya madhara kuliko mvua ya wiki nzima. Mashine za baridi nazo zinadondosha maji mchana kutwa juu ya plasta ya jirani. Zitilie mpira mpaka chini.

Ukiona mtini au mmea mwingine umeota ukutani kutokana na mbegu za ndege na popo, usiung'oe kwa nguvu. Mizizi imeshapita katikati ya mawe, na ukivuta unavuta ukuta. Ukate karibu na jiwe, upake dawa ya kuua kisiki, ungoje ukauke kabisa, ndipo utoe kidogo kidogo na ujaze nafasi kwa chokaa.

Hatua ya 5: Gonga ukuta, usikilize

Ukuta wa nyumba hizi ni mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yasiyochongwa sawa, yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga, na mara nyingi udongo mwekundu katikati. Unene wake ni kama nusu mita. Jiwe hilo lina vitundu, hunywa maji na kuyatoa. Chokaa nayo iko hivyo. Mvua ikipiga, ukuta unalowa juu juu. Jua na upepo wa bahari vikija, unakauka.

Simiti inaziba njia hiyo. Unyevu unaopanda kutoka ardhini haupati pa kutokea, basi unapanda juu zaidi, au unatokea upande wa jirani ambaye plasta yake bado ni ya chokaa. Wengi wanaolalamika kuwa ukuta wa mwenzao unawaletea maji wanalalamikia simiti iliyopakwa upande wa pili.

Halafu chumvi. Kisiwani chumvi iko hewani, iko kwenye maji ya visima, imo hata ndani ya mawe. Maji yakikauka, chumvi huganda punje ndani ya vitundu, na punje zikikua zinapasua kilichozizunguka. Plasta ya juu ikiwa chokaa, chumvi inatokea hadi usoni na plasta ndiyo inayoliwa. Baada ya miaka unaipaka upya na jiwe liko salama. Juu pakiwa simiti, chumvi inakusanyika nyuma yake na jiwe ndilo linalogeuka unga. Siku simiti itakapoanguka kwa kipande kikubwa, utaona nyuma yake vumbi jeupe na mashimo ambapo zamani palikuwa na ukuta.

Sasa pita ukigonga kwa vifundo vya vidole, kutoka chini hadi unapofika mkono, kila shibiri moja. Plasta iliyoshika hujibu kwa mkazo. Iliyoachia hulia kama debe tupu. Zungushia chaki kila sehemu inayolia. Ukimaliza chumba kimoja, simama katikati utazame: michoro ya chaki itakuonyesha njia ya maji vizuri kuliko maelezo ya mtu. Ikiwa yote iko chini ya kiuno, maji yanatoka ardhini. Ikiwa imeshuka kama ulimi kutoka dari, rudi kwenye paa.

Kwa nyufa, usiharakishe kuziba. Bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa simiti kidogo au gundi ngumu kila upande, uandike tarehe. Kioo kikibaki kizima hadi masika yapite, ufa umelala, unaweza kuuziba. Kikipasuka, ukuta unatembea, na hapo unahitaji injinia aliyezoea majengo ya mawe, wala usimkubali atakayependekeza kuzungushia nguzo za zege kabla hajaingia nyumba ya jirani.

Kuondoa simiti ya zamani ni kazi ya patasi na nyundo nyepesi, kuanzia juu kushuka, eneo dogo dogo. Mashine ya kutoboa usiiruhusu hata siku moja. Mtetemo wake unalegeza udongo wa katikati ya ukuta, na boriti za nyumba mbili zimo humo. Pale simiti iliposhika jiwe kiasi cha kuondoka nalo, iache. Ondoa mita moja ya chini tu ili ukuta upate pa kupumulia. Mimi naona afadhali ukuta wenye kiraka kibaya kuliko ukuta uliochunwa nyama kwa ajili ya usafi.

Hatua ya 6: Chokaa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo mafundi wengi wa leo hawakufunzwa.

Zamani chokaa ilichomwa huku huku Pwani: mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo, moto ukawashwa, kilichobaki kikazimwa kwa maji. Leo utanunua ya magunia. Kuna iliyokwisha kuzimwa kiwandani, ambayo mafundi wengi wanaijua kwa jina la niru, na kuna iliyochomwa ambayo haijazimwa. Ya pili ni bora ukiwa na muda na mtu mwenye uzoefu. Izime kwa kuitia chokaa ndani ya maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya chokaa inaruka. Inachemka kweli kweli, na ikiingia jichoni inapofua. Glavu, miwani, nguo ya mikono mirefu, na watoto wakae nyumba nyingine siku hiyo.

Ikishapoa, ichuje na uiweke kwenye pipa ikiwa imefunikwa na maji juu. Iache angalau mwezi. Ikikaa zaidi inazidi kulainika na kushika. Ukitumia niru, iloweke siku kadhaa kabla ya kuchanganya badala ya kuitumia kavu.

Maji ya kuchanganyia yawe matamu. Mji wa Kale una visima vingi, na mafundi huyatumia kwa sababu mifereji haina maji. Maji ya kisima cha chumvi kwenye plasta ni kununua ugonjwa uliokuwa ukiutibu. Kama mfereji haujatoa, nunua ya mkokoteni. Mchanga nao uwe wa mtoni au wa machimbo, ulioshwa, wenye punje kubwa na ndogo pamoja. Wa ufuoni usiukaribie.

Kipimo cha kuanzia ni sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga. Tabaka la mwisho laweza kuwa na chokaa zaidi kidogo na mchanga mwembamba. Changanya muda mrefu, ponda, geuza, ponda tena. Mchanganyiko mzuri unashika mwiko ukiugeuza, bila kuwa na maji mengi.

Lowesha ukuta tangu jana yake, na asubuhi tena. Jaza mashimo makubwa kwanza kwa vipande vya jiwe na chokaa, uache vikauke. Tabaka la kwanza lirushwe kwa nguvu ukutani, lisipakwe, ili liingie kwenye vitundu. Unene usizidi sentimita moja. Funika kwa magunia ya maji, yanyunyizie asubuhi na jioni. Ngoja wiki moja au zaidi, mpaka ukucha usiache alama, ndipo upige la pili. Chokaa haikauki kama simiti. Inavuta hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe, jiwe la aina ile ile ya matumbawe iliyo ndani ya ukuta. Ikikaushwa na jua kwa siku moja inabaki unga.

Kwa hiyo chagua msimu. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, jua na upepo mkavu vinaipokonya plasta maji yake. Ukilazimika, tundika turubai mbele ya ukuta wote. Masika yanaiosha kabla haijashika. Mimi ningeanza kazi ya nje mwezi wa saba au wa nane, mvua kubwa zikishapungua, nimalize kabla ya vuli.

Fundi atakuomba atie simiti “kidogo tu, ishike haraka.” Mkatalie kwa upole, na mlipe kwa namna inayomruhusu kungoja. Ukimlipa kwa mita za siku, atakimbia, na utakuwa wewe uliyemkimbiza. Mgawie kazi nyingine ya ndani huku matabaka yakikomaa. Na ukimpata mwashi mzee anayejua chokaa, mwombe aje na kijana wa kumfundisha, nawe mlipe kijana huyo. Ujuzi huu ukikatika hakuna kibali kitakachoziokoa safu hizi.

Rangi ya mwisho iwe chokaa ya maji, tabaka tatu au nne nyembamba. Rangi ya plastiki inaziba ukuta sawa na simiti.

Hatua ya 7: Dari na boriti

Ingia chumba cha juu, upime upana. Katika nyumba za zamani ni kama mita tatu au pungufu, kwa sababu boriti ya mkoko hairefuki zaidi ya hapo bila kupinda. Mti ndio ulioamua upana wa chumba, chumba kikaamua upana wa nyumba, na nyumba zikaamua mwendo wa safu nzima. Juu ya boriti kulipangwa mawe bapa, kisha sakafu ya chokaa na kokoto iliyotwangwa mpaka ikawa ngumu.

Katikati ya boriti huwa pazima hata baada ya miaka mia. Vichwa ndivyo vinavyooza, pale vilipoingia ukutani. Chukua bisibisi, uchome kila boriti karibu na ukuta kutoka chini. Ikiingia kwa urahisi zaidi ya sentimita mbili, kichwa kimekwisha. Unga laini sakafuni ni dalili ya wadudu wanaotoboa mbao. Njia za udongo ukutani ni mchwa.

Badilisha moja moja. Tia propu na ubao pande zote mbili za boriti unayoitoa, juu na chini ya ghorofa kama ziko mbili, na usiziondoe hadi chokaa ya kichwa kipya ishike. Mjulishe jirani siku hiyo, maana kichwa cha boriti yake kinaweza kuwa nyuma ya chako. Boriti ziwe za muuzaji mwenye kibali cha misitu. Mikoko inalindwa, na ya magendo itakuletea matatizo. Zikikosekana za urefu unaotakiwa, mbao ngumu kama mvule inafaa. Kichwa kipya kikiingia ukutani, kiachie nafasi ndogo ya hewa na ukipachike kwa chokaa.

Kumwaga zege badala ya dari ya boriti ndilo kosa kubwa ninaloliona kwenye nyumba hizi. Zege inatoboa mfereji mzima kwenye ukuta wa pamoja ili ipate pa kukalia, ikikata vichwa vya boriti za upande wa pili. Ni nzito, ni ngumu, haiendi na ukuta unaojongea kidogo kidogo. Na nondo zake, katika hewa hii ya chumvi, zinashika kutu, zinavimba na kupasua zege. Dari ya boriti ikiharibika unabadilisha mti mmoja. Ya zege ikiharibika unabomoa yote, na kwa jirani pia.

Hatua ya 8: Roshani na milango

Roshani iliwapa watu wa ndani upepo na kuiona njia bila wao kuonwa, na ikawapa wapita njia kivuli. Kagua kwanza mikono ya mbao inayoibeba, hasa inapoingia ukutani, kisha sakafu, kisha mapambo mwisho. Sehemu iliyooza ikatwe na kuungwa kipande kipya cha mti wa aina ile ile kwa ulimi na tundu, kile kizima kibaki. Misumari ya chuma cha kawaida itatoa kutu mwaka huo huo. Tumia shaba au chuma kisichoshika kutu. Usiibadilishe roshani moja kuwa ya zege na vioo katikati ya safu, hata kama seremala ni ghali. Macho ya mtaa mzima yatakwama hapo.

Mlango wa nakshi usichongwe upya wala kupigwa vanishi nzito. Osha kwa brashi laini na maji kidogo, ukaushe kivulini, paka mafuta membamba. Bawaba ikilegea, mlango unakaa juu ya kizingiti na kuvunja miimo, basi anza na bawaba. Na mnunuzi akija na bei nzuri, kumbuka sheria ya Kenya inahesabu mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu kilicholindwa. Hauendi nje ya nchi bila kibali.

Hatua ya 9: Tangi, nyaya, na mwaka wa kwanza

Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja. Liweke chini uani na pampu ndogo ipandishe maji. Likibidi kukaa juu, likae kwenye kona pale kuta mbili zinapokutana, kamwe si katikati ya dari. Nyaya za umeme zipitishwe kwenye mabomba juu ya plasta. Kuchana ukuta wa mawe kwa ajili ya waya ni kuufungulia mlango mchwa.

Kazi ikiisha, mwaka wa kwanza ndio wa kuangalia. Mwezi wa tatu, kabla ya masika, safisha mfereji wa kati na gata, na mgawane gharama na jirani. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, panda darini na tochi. Baada ya masika gonga tena kuta zako kwa vifundo, ulinganishe na picha za chaki. Viraka vidogo vitakavyoachia vitengeneze kwa chokaa iliyobaki kwenye pipa, ambayo ikiendelea kufunikwa kwa maji haiharibiki, na umpe jirani ndoo moja kwa upande wake.